Wakuu, thieta si kuigiza tu: tuongelee kazi za usimamizi na uongozi ambazo hakuna anayezigombania

Kaa_Pembeni (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Nimekaa kimya muda mrefu, leo acha nimwage. Karibu kila wiki kuna kijana ananifuata faragha na swali lile lile: "Nimekwenda usaili mara kumi na moja, sijachukuliwa hata mara moja. Niachane na thieta?" Na mimi humrudishia swali: wewe unachopenda ni kuigiza, au ni thieta? Hapo kimya kinatanda. Wengi hawajawahi kuyatenganisha hayo mawili.

Mimi mwenyewe nilianza kama mwigizaji. Sikuwa mbovu, wala sikuwa wa kukumbukwa. Kwenye kundi nililokuwa (jina nalihifadhi), msimamizi wa jukwaa alibeba begi lake akaondoka saa nne kabla ya onyesho, kisa hajalipwa miezi miwili. Mwongozaji akaangaza macho, akaniona mimi mwenye mistari sita tu, akanitupia daftari la yule bwana: "Wewe unajua kusoma, kaa hapa." Mistari yangu sita akapewa mtu mwingine. Nikakaa pembeni ya jukwaa, gizani, na kitaa kidogo kinachomulika ukurasa. Ndani ya nusu saa nikaelewa kitu: taa haiwaki, pazia halisogei, mlio wa radi hausikiki, mpaka niseme mimi. Sikurudi tena upande wa kwenye mwanga. Nimesimamia jukwaa miaka tisa, nikawa meneja wa kundi kwenye ziara, sasa naendesha ukumbi.

Ninachotaka kusema ni kimoja: kuendesha thieta ni ufundi kamili unaojitegemea, si kapu la kutupia walioshindwa kuigiza. Na una njaa ya watu. Usaili wa uigizaji wanajitokeza mia kwa nafasi nne. Nikitangaza natafuta msimamizi wa jukwaa anayejua kazi, napata watatu, wawili kati yao wanataka kuigiza.

Nianze na hilo daftari, maana ndilo lililoniteka.

Kila onyesho lina kitabu kimoja kitakatifu. Upande mmoja wa ukurasa ni maneno ya mchezo, upande wa pili ni amri zote: taa namba fulani, sauti namba fulani, nani aingie kwa mlango upi, kiti kihamishwe lini. Kinaandikwa kwa penseli, si kalamu, kwa sababu kesho mwongozaji atabadilisha. Kila amri ina hatua mbili. Kwanza unamtahadharisha fundi: "Jiandae, taa 47." Anakujibu yuko tayari. Neno likifika, unatamka neno moja la kufyatulia, na taa inabadilika. Neno hilo halisemwi kwenye mawasiliano kwa jambo lingine lolote, hata kwa utani, maana kidole cha fundi kiko juu ya kitufe. Nimewahi kulitamka nikimjibu mtu kuhusu chai. Mfalme wetu alikuwa katikati ya kifo chake, akajikuta anafia gizani.

Halafu kuna wito wa saa. Kwa utaratibu wa Uingereza, "nusu saa" inatangazwa dakika 35 kabla ya pazia, si 30. "Robo" ni dakika 20 kabla, "tano" ni dakika 10 kabla, na wanaoanza mchezo wanaitwa jukwaani zikiwa zimebaki 5. Mgeni anaona hawa watu hawajui hesabu. Wanajua sana. Saa yao inahesabu kuelekea muda ambao mwigizaji anatakiwa awe amesimama mahali pake, siyo muda ambao mtazamaji anamwona.

Onyesho likiisha wengine wanakwenda kupongezana, wewe unaandika ripoti: limeanza saa ngapi, sehemu ya kwanza imechukua dakika ngapi, nani kajikwaa, kiti gani kimelegea. Ukiona sehemu iliyokuwa dakika 55 sasa ni 61, hakuna aliyeongeza maneno. Kuna mtu ameanza mbwembwe. Kesho unamwita pembeni, kwa upole, kabla mwenzake hajaanza kushindana naye.

Waliomo kwenye hizi kazi karibuni mshushe yenu. Wenye maswali pia.

---

Nondo_Mbili

Nimeweka kiti mbele kabisa. Tiririka mkuu.

---

Bishoo_wa_Jukwaa

Mkuu nakuheshimu ila tusidanganyane. Hakuna mtoto anayelala anaota kuwa meneja wa ukumbi. Haya ni makombo ya waliokosa kipaji, mnayapamba tu.

---

Kaa_Pembeni

@Bishoo_wa_Jukwaa karibu mkuu, nilikuwa nakusubiri.

Chukua Philip Henslowe. Huyu bwana alijenga ukumbi wa Rose, London, mwaka 1587. Si mwigizaji, si mwandishi. Aliacha daftari la hesabu: mapato ya siku baada ya siku, mikopo aliyowapa waandishi wenye njaa, malipo ya mavazi. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu thieta ya enzi za Shakespeare ilivyojiendesha inatoka kwenye daftari hilo. Humo utakuta gauni moja la mahameli jeusi lililogharimu zaidi ya alicholipwa mwandishi kwa mchezo mzima. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha bajeti na mtu wa mavazi anacheka kwa uchungu hapo.

Na Shakespeare mwenyewe hakutajirika kwa kuuza maandishi. Alikuwa na hisa: mwanahisa wa kundi, na wa ukumbi wa Globe uliojengwa 1599. Yaani yule mnayemwita baba wa tamthilia alikaa upande wa mapato ya mlangoni.

Kuhusu kipaji: Lilian Baylis alichukua uongozi wa ukumbi wa Old Vic, London, mwaka 1912, kutoka kwa shangazi yake. Hakuwa nyota wa uigizaji. Kufikia 1923 ukumbi wake ulikuwa umeonyesha michezo yote 36 iliyomo kwenye mkusanyo wa kwanza wa Shakespeare. 1931 akafungua upya Sadler's Wells, ukumbi mwingine wa London. Akafa 1937 akiwa bado kazini. Leo Waingereza wana kundi la baleti la kifalme na kampuni ya taifa ya opera ambazo mizizi yake ni kwa mama huyo, na thieta yao ya taifa ilipoanza maonyesho mwaka 1963 ilianzia kwenye ukumbi wake. Nitajie mwigizaji wa zama hizo aliyeacha nyumba tatu zinazosimama.

Hayo ndiyo makombo.

---

Bi_Tiketi

Mleta uzi umenigusa. Mimi nipo dirisha la tiketi mwaka wa saba sasa, wa mwisho kati ya hiyo nimekuwa mkuu wa kitengo.

Watu wanadhani ni kupokea hela na kukata karatasi. Dirishani ndipo thieta inapomjua mtazamaji wake. Mwongozaji anamwona akiwa gizani, mimi namwona usoni. Najua nani anakuja peke yake kila Alhamisi, nani ananunua viti viwili halafu kimoja kinakaa kitupu. Najua watu wa viti vya pembeni wanarudi zaidi kuliko wa viti vya mbele. Uongozi ulipotaka kubadilisha saa ya kuanza, walikuja kuniuliza mimi, si mtu wa matangazo.

Na usiku kuna kufunga hesabu. Vipande vya tiketi vilivyochanwa mlangoni, tiketi zilizouzwa, viti vya bure vilivyotolewa, fedha iliyopo: vinne hivi lazima viimbe wimbo mmoja. Visipoimba, hulali. Kundi lililokodi ukumbi linasimama nyuma yako linasubiri mgao, na hapo urafiki unakaa pembeni. Nimeona prodyusa mwenye tuzo akihesabu vipande mwenyewe kwa mkono, kipande kwa kipande, na sikumlaumu.

---

Mwanagenzi

Naomba kuuliza kidogo wakubwa zangu. Mnasema meneja wa ukumbi, meneja wa kundi, meneja mkuu, prodyusa, mkurugenzi wa sanaa... nani ni nani? Mimi naona wote wanatembea na simu.

---

Kaa_Pembeni

@Mwanagenzi hahaha, umeona vizuri.

Kwa kifupi. Prodyusa ndiye anayesema "mchezo huu utafanyika" kisha anatafuta hela. Meneja mkuu anageuza ile ndoto kuwa bajeti na mikataba. Meneja wa kundi anawalea watu: mishahara, usafiri, malazi ya ziarani, mgonjwa, aliyeachwa na mchumba. Msimamizi wa uzalishaji anahakikisha jukwaa linajengwa kwa wakati bila kupitiliza fungu. Msimamizi wa jukwaa nimeshamweleza. Mkurugenzi wa sanaa anaamua nyumba inaonyesha nini msimu huu, na mkurugenzi mtendaji anaamua kama nyumba itakuwa bado ipo msimu ujao.

Kwenye makundi madogo wote hao ni mtu mmoja, na ndiye huyo huyo anayefagia.

Meneja wa ukumbi nimemwacha kwa makusudi, maana huyu watu wanamdharau kuliko wote. Wanaona mtu wa kuonyesha viti. Tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa Iroquois wa Chicago uliwaka moto katikati ya onyesho la mchana. Ulikuwa umefunguliwa wiki chache tu kabla, na ulitangazwa kwamba hauwezi kuungua kabisa. Cheche za taa zilidaka kitambaa juu ya jukwaa. Pazia la kuzuia moto likashushwa, likakwama njiani. Watu wakakimbilia milango: mingine ilikuwa imefichwa nyuma ya mapazia, mingine ina makomeo ambayo mgeni hawezi kuyafungua, mingine imefungwa. Walikufa 602, wengi wanawake na watoto. Ule upau unaousukuma kwa kifua mlango ukafunguka, ambao leo upo kwenye kumbi nyingi, aina yake iliyoenea Marekani ilibuniwa kutokana na mkasa huo.

Kwa hiyo kila jioni kabla watu hawajaingia, meneja wa ukumbi anazunguka milango yote ya dharura na kuisukuma kwa mkono wake. Yote. Hata ule ambao jana ulifunguka vizuri. Yeye pia ndiye mwenye kauli ya kumwambia msimamizi wa jukwaa "ukumbi ni wako", na kabla ya hapo pazia halifunguki hata mwigizaji awe nani.

---

Fundi_Taa

Niongezee hapo. Globe yenyewe iliteketea 29 Juni 1613. Walifyatua mzinga ndani ya onyesho kwa ajili ya mbwembwe, paa lilikuwa la nyasi. Haikuchukua muda.

Na kuna kitaa kimoja tunakiacha kikiwaka katikati ya jukwaa usiku kucha watu wakiondoka. Wahenga wa thieta wanasema ni cha mizimu. Mimi nasema ni cha yule anayeingia wa kwanza asubuhi asitumbukie kwenye shimo la wanamuziki.

Swali langu kwa mleta uzi: mimi ni fundi, nimeambiwa nipande niwe msimamizi wa uzalishaji. Sipendi vikao. Nifanyeje?

---

Kaa_Pembeni

@Fundi_Taa jibu langu halitakufurahisha: usikubali kwa sababu ya cheo. Nimeona mafundi wazuri wakipandishwa, baada ya mwaka tumepoteza fundi mzuri na kupata msimamizi mwenye hasira. Omba usimamie uzalishaji mmoja tu, mdogo, kisha ujipime. Ukijikuta unafurahia kupanga ratiba ya watu kuliko kushika taa, basi. Ukijikuta unapanda ngazi kurekebisha taa mwenyewe wakati watu watano wanakusubiri uamue, rudi kwenye ngazi yako kwa heshima zote.

---

Nondo_Mbili

Mkuu tupe upande wa hela. Siyo mishahara, namaanisha hesabu yenyewe ya onyesho inakaaje. Hapa ndipo makundi mengi yanafia.

---

Kaa_Pembeni

@Nondo_Mbili hapa nitakaa kidogo.

Mimi bajeti naisoma kwa viti, si kwa fedha. Tuseme ukumbi una viti 200, maonyesho 6 kwa wiki: una viti 1,200 vya kuuza. Unajumlisha gharama za wiki nzima (posho, umeme, ulinzi, matangazo, haki ya mwandishi) unagawanya kwa bei ya kiti, unakuta unahitaji kuuza viti 780. Hiyo ni asilimia 65. Kila mtu mezani anatabasamu.

Sasa anza kutoa. Viti vya wadhamini, vya waandishi wa habari, vya ndugu wa waigizaji, vile vilivyo nyuma ya nguzo ambavyo hakuna anayevitaka. Wiki nzima vinafika 90. Umebaki na 1,110, na zile 780 zimekuwa zaidi kidogo ya asilimia 70. Tabasamu linapungua. Na bado hujagusa gharama za kuandaa: mbao, mavazi, wiki za mazoezi ambazo zinalipwa na haziingizi chochote. Hizo zinarudishwa na kile kinachobaki juu ya viti 780, wiki baada ya wiki. Ndiyo maana unaweza kuona mchezo umejaa mpaka pomoni, watu wanapiga makofi wamesimama, na prodyusa anakufa kimya kimya. Haukuchezwa wiki za kutosha.

Jingine ambalo meneja mpya lazima aelewe mapema: gharama zetu hazishuki kama za viwandani. Wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walilieleza mwaka 1966. Kiwanda kikipata mashine mpya, saa moja ya mfanyakazi inazalisha zaidi. Ila muziki ulioandikwa kwa wapigaji wanne, miaka mia mbili baadaye bado unataka wapigaji wanne na dakika zile zile. Maisha yanapanda bei, mshahara lazima upande, lakini huwezi kuigiza haraka zaidi. Pengo hilo linazibwa na ruzuku, wafadhili, kukodisha ukumbi, au kuwabana wasanii. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotumika sana na ndiyo iliyomfanya yule mtangulizi wangu abebe begi lake.

---

Bishoo_wa_Jukwaa

Hapo kwenye viti nimekuelewa, sikutegemea. Ila bado: kiongozi wa thieta asiyewahi kuigiza atamwongozaje mwigizaji?

---

Kaa_Pembeni

@Bishoo_wa_Jukwaa hamwongozi katika kuigiza. Hiyo ni kazi ya mwongozaji, na meneja anayetoa maoni ya uigizaji kwenye korido ni wa kufukuzwa.

Mgawanyo wa madaraka ndio kila kitu. Mwezi Juni 1897, Warusi wawili, Stanislavski (mwigizaji na mwongozaji) na Nemirovich-Danchenko (mwandishi wa tamthilia), walikutana kwenye mgahawa Moscow, wakaongea saa 18 mfululizo, mchana hadi asubuhi ya pili. Walitoka na thieta mpya, iliyofunguliwa 1898, na makubaliano: kwenye mambo ya maandishi kauli ya mwisho ni ya Nemirovich, kwenye mambo ya jukwaani ni ya Stanislavski. Baadaye walikosana vibaya sana, lakini nyumba haikuanguka. Nadhani ni kwa sababu ya zile saa 18. Makundi mengi niliyoyaona yakivunjika hayakuwahi kuongea hata saa mbili kuhusu nani anaamua nini.

Nikupe usiku mmoja. Wito wa nusu saa, mwigizaji wetu mkuu wa kike anaingia, anafungua mdomo, sauti hakuna. Anatoka pumzi tu. Ukumbi umeuzwa wote. Mwongozaji analia, kweli analia. Wafadhili wako mlangoni. Aliyepangwa kuwa akiba wake amehudhuria mazoezi mawili. Anayeamua ni nani? Ni mimi. Nilikuwa na dakika kumi hivi. Nikamuuliza yule wa akiba swali moja: "Ukishika kitabu mkononi utaweza?" Akasema ataweza. Msimamizi wa jukwaa akapunguza tukio la ngazi kwa ajili ya usalama wake. Mimi nikatoka mbele ya pazia, nikawaambia watazamaji ukweli kwa sentensi tatu na kwamba asiyetaka arudishiwe hela dirishani sasa hivi.

Bi_Tiketi atacheka: walitoka saba. Mmoja akarudi kabla hajafika dirishani.

Binti alisoma ukurasa wa kwanza huku mikono inatetemeka, ile karatasi inasikika mpaka viti vya nyuma. Kufikia sehemu ya pili alikuwa amesahau kukiangalia kitabu. Hakuna kati ya hayo kilichohitaji nijue kuigiza. Kilihitaji nijue mkataba unasema nini, bima inasema nini, na nimwangalie mtu machoni nijue kama ataweza au anasema tu.

---

Mwanagenzi

Shahada inahitajika? Na mtu asiyejua mtu anaanzia wapi?

---

Kaa_Pembeni

@Mwanagenzi vipo vyuo duniani vinavyofundisha usimamizi wa thieta na usimamizi wa jukwaa mpaka shahada ya uzamili, na vinasaidia hasa kwenye sheria, mikataba na kutafuta fedha. Lakini Cameron Mackintosh, prodyusa ambaye michezo yake ya muziki imezunguka dunia, alianza kama kibarua wa jukwaani kwenye ukumbi wa Drury Lane, London. Prodyusa Joseph Papp wa New York alikuwa msimamizi wa jukwaa kwenye studio za televisheni. Ellen Stewart aliyeanzisha thieta ya La MaMa, New York, mwaka 1961 alikuwa mbunifu wa mavazi.

Kwa asiyejua mtu: tafuta kundi dogo linalofanya mazoezi, usiombe nafasi, omba kukaa na msimamizi wao wa jukwaa. Kama hawana, na mengi hayana, umeshapata kazi. Beba penseli tano, kifutio, saa yenye mshale wa sekunde, na tepu ya rangi ya kuweka alama sakafuni kiti kinapokaa. Baada ya miezi sita omba ukae dirishani wiki mbili. Halafu omba uone bajeti. Wakikukatalia bajeti, jiulize kwa nini.

---

Bi_Tiketi

Na asivae viatu vinavyolia.

---

Mwanagenzi

Mrejesho wakuu. Leo ni siku ya tisa niko na kundi moja, hawakuwa na msimamizi. Nimeshaweka alama za sakafu zote, nimeandika amri 31 kwa penseli, kifutio kimeisha nusu.

Swali: kuna mwigizaji mmoja mkubwa kwangu kiumri, kila siku anachelewa wito. Nimwambie mwongozaji au nimpigie simu mwenyewe? Naona aibu.

---

Kaa_Pembeni

@Mwanagenzi mpigie wewe. Shikamoo kwanza, halafu saa. Na uandike kwenye ripoti umempigia dakika ya ngapi.